Mazulia ya mkono ya Mashariki: nimeyapa maksi, na mengine yamefeli vibaya

Hii rivyu siyo ya duka moja. Ni ya mazulia yenyewe, haya yanayouzwa kwa jina la "kazi ya mkono" kutoka Iran, Uturuki, Afghanistan, Pakistan na India, maana nimegeuza, nimenusa na kuhesabu mafundo ya mengi tu na nimechoka kuona mtu analipa hela ya fundo alafu anapewa gundi. Ila feki yenyewe hainiudhi sana, feki utaikamata ukijua pa kuangalia. Kinachoniudhi ni ule ujanja wa wauzaji wa kuchukua maswali mawili wakayafunga pamoja: limefumwa kwa mkono kweli? na je, ni zulia zuri? Ukishajibiwa la kwanza wanataka ujione umejibiwa na la pili. Thubutu! Kuna zulia la mkono kabisa, kila fundo limefungwa na vidole vya mtu, na bado ni bovu, sufi (yaani manyoya ya kondoo) kavu, rangi inachuja, pembe zinanyanyuka kila siku hata uzikandamize na makabati. Kwa hiyo mi nayatenganisha, na maksi nitakazotoa hapa ni za zulia kama kitu cha kuishi nacho ndani ya nyumba.

Tuanze na la mkono au la mashine, hili ni jepesi. Geuza. Usoni kila zulia linajua kujipamba, mgongoni ndo utaujua ukweli. Zulia lililofungwa mafundo kwa mkono, picha iliyoko juu utaiona na chini karibu na uwazi uleule, na mafundo utayaona mojamoja, vijivimbe vidogo ambavyo havilingani sana, hapa limebanwa zaidi, pale limelegea kidogo, safu inapanda inashuka. La mashine mgongo wake umepangika mno, safu zote zimenyooka kwa kipimo kimoja, na mara nyingi kuna uzi mwembamba unaopita juu ya kila kitu kwa mstari ulionyooka. Alafu kunja zulia upande wa manyoya, tanua kwa vidole mpaka uone shina: kwenye fundo la mkono utaona uzi umezungushwa kabisa kwenye nyuzi mbili za mtande, zile nyuzi za urefu zinazobeba zulia zima, kuna kola ndogo pale chini. Kwenye mashine uzi umepenyezwa tu ukarudi juu, hakuna kola.

Matamvua nayo. Watu wanayapenda kwa urembo lakini matamvua ya zulia la mkono ni ncha za mtande wenyewe, yaani uti wa mgongo wa zulia umetoka nje, ukifuata uzi mmoja na kidole utaona unaingia ndani ya mwili wa zulia. Kama yameshonewa kwa juu, shtuka, ila usikimbilie kuhukumu kwa sababu zulia la zamani matamvua huwa yanaliwa na yanabadilishwa na fundi, na kuna la mashine ambalo matamvua yake ni ya mtande kweli. Kwa hiyo angalia na pindo za pembeni. La mkono pindo zake zimezungushiwa uzi kwa mkono na huwa haziko sawa sawa, la mashine limepigwa ovaloki safi kabisa, ukiona ovaloki basi muuzaji aanze kujieleza. Pima na upana wa juu na wa chini kwa futi kamba. Tofauti ndogo ni kawaida tu, mtande unalegea na mfumaji anachoka. Ikilingana mpaka milimita ya mwisho mi ndo naanza kuwa na wasiwasi.

Sasa kuna hili kundi la katikati ambalo limewaumiza wengi kuliko mashine: mazulia ya bunduki. Mtu anashika bunduki ya kupigia uzi, anaupiga kwenye kitambaa kilichotandazwa, ukijaa anapaka gundi nyuma, juu ya gundi anabandika kitambaa kingine kuficha, kwisha. Hakuna hata fundo moja. Na lebo inasema limetengenezwa kwa mkono, na ukiwabana watakwambia si mkono ndo ulishika bunduki? Kisheria wanapita, lakini kwako wewe mnunuzi hiyo ni dharau. Gundi ile baada ya miaka inakauka inakuwa unga, ukilinyanyua zulia unakuta vumbi jeupe sakafuni na ukilisafisha kwa maji mengi kitambaa cha nyuma kinajitenga. Harufu ya mpira ndo usiseme, hasa hewa ikiwa na unyevu. Uzi ukichomoka, fundi wa mazulia ya mafundo hana cha kukusaidia. Uhai wake ni wa kuhesabu miaka wakati la mafundo likitunzwa linarithiwa. Kwa hiyo mazulia ya bunduki 2/10, na hizo mbili ni kwa sababu dizaini zao siku hizi ni nzuri na kama unataka kitu cha muda mfupi na umeambiwa ukweli, sawa, nunua kwa bei ya muda mfupi. Jinsi ya kulikamata: mgongo umefunikwa. Mgongo ukifunikwa na kitambaa mi sisogei, labda iwe ni kipande cha zamani kimewekewa kitambaa ili kitundikwe ukutani, na hapo bado nitaomba kona moja ifunguliwe.

(Kilimu siyo za kundi hili, kilimu hazina manyoya, zimefumwa bapa na pande zote mbili zinafanana. Usimruhusu mtu akwambie kilimu ni zulia la daraja la chini, ni kitu kingine tu.)

Ukishavuka hapo ndo unaingia kwenye swali la pili, uzuri, na hapa ndo wanakuletea hesabu ya mafundo. Kila muuzaji anaanza nayo kwa sababu namba zinatisha. Unahesabu mwenyewe, hata usimngoje: mgongoni weka rula, hesabu mafundo kwenye inchi moja ya upana, hesabu na inchi moja ya urefu, zidisha. Zulia la mita 2 kwa 3 lenye mafundo 200,000 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni kama 130 kwa inchi ya mraba, lina mafundo 1,200,000, na mfumaji mzuri akifunga kati ya 8,000 na 10,000 kwa siku basi hapo ni siku 120 mpaka 150 za kazi za mtu mmoja, hujaweka kusokota uzi, kupika rangi, kunyoa manyoya na kuosha. Piga hesabu hiyo ukisikia bei ya kutupwa, utajua kuna mtu ameibiwa, ni wewe au ni mfumaji.

Ila hesabu hiyo inapima muda uliotumika, haipimi uzuri wa zulia. Zulia la Pazyryk, lile alilolifukua Sergei Rudenko mwaka 1949 kwenye kaburi lililoganda barafu milima ya Altai huko Siberia, lina zaidi ya miaka 2,000 na lina mafundo kama 3,600 kwa desimita ya mraba, ambayo ni 230 na kitu kwa inchi, sasa liko makumbusho ya Hermitage. Zulia la Ardabil lililoko makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, limefumiwa tarehe inayolingana na 1539 au 1540, lina mafundo kama milioni 26, karibu 340 kwa inchi. Na leo unaweza kupata zulia jipya lenye mafundo mengi kuliko hayo yote mawili na likawa halina uhai, michoro midogo midogo imebanana mpaka jicho linachoka. Alafu unachukua Heriz kutoka kaskazini magharibi ya Iran, mafundo yake machache, makubwa, 50 au 60 kwa inchi ni kitu cha kawaida, na linakanyagwa na vizazi. Kulinganisha mafundo ya Heriz na ya Isfahan ni kupoteza wakati. Linganisha Heriz na Heriz.

Na kila mji una kipimo chake, wanakuchanganya hapo. Tabriz wanasema raj, ambayo ni idadi ya mafundo kwenye kama sentimita 7 za upana, kwa hiyo raj 50 ni laini kuliko raj 40, yaani mafundo yamebanana zaidi, juu ni bora. Nain wanasema la, na hapo mambo yanageuka, la ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja kutengeneza uzi mmoja wa mtande, uzi ukiwa mnene mafundo yanapungua, kwa hiyo 4la ni laini kuliko 6la na 6la ni laini kuliko 9la. Nimesikia mtu anauziwa 9la kwa kuambiwa "hii ni tisa, ile ni sita tu" na muuzaji anatabasamu kabisa.

Kuna na fundo la kuibia, jufti. Badala ya kufunga kwenye nyuzi mbili za mtande, mfumaji anafunga kwenye nne, kazi inakwisha nusu ya muda na manyoya yanakuwa machache, zulia linachakaa haraka. Lilizoeleka sana kwenye mazulia ya Khorasan. Siyo kila jufti ni wizi, kuna sehemu ni utaratibu wa zamani na wanaitumia kwenye uwanja wa rangi moja tu, lakini bei lazima ishuke. Utaiona mgongoni, vivimbe ni vipana kuliko kawaida, na usoni ukikandamiza kidole unahisi pepe, hakuna ubishi wa manyoya.

Aina ya fundo nayo usiifanye kitambulisho. Watakwambia hili ni fundo la Kiajemi kwa hiyo zulia ni la Kiajemi. India wanalifunga, Pakistan wanalifunga, China wanalifunga. Tabriz yenyewe, ndani ya Iran, wanafunga la Kituruki, na kichekesho kikubwa ni kwamba fundo la Kiajemi linaitwa fundo la Senneh, mji wa Sanandaj, wakati Wakurdi wa huko huko wanafunga la Kituruki. Fundo linakupa fununu tu, uliweke pamoja na mtande, mshindio (nyuzi za upana zinazopita kati ya safu za mafundo), rangi na pindo ndo useme limetoka wapi.

Kitu ninachokipa uzito kuliko vyote ni sufi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo zulia lenyewe. Sufi nzuri ina mafuta yake ya asili, ukiipitishia kiganja ni laini lakini ina ubishi, ukiikandamiza inainuka, mwanga unacheza juu yake bila kung'aa kama plastiki. Kondoo wa milimani kwenye baridi wanatoa sufi ndefu yenye nguvu, hiyo ya Ghazni ya Afghanistan ina sifa yake, na Wairani wana kork, sufi laini ya mwanakondoo, wanaiweka kwenye mazulia ya kifahari. Upande wa pili kuna sufi ya kondoo aliyekufa au aliyechinjwa, inatolewa kwenye ngozi kwa dawa, Wairani wanaiita tabachi, ni kavu, ngumu, haipokei rangi vizuri na inakatika. Ukikwaruza zulia na kucha na vipande vifupi vifupi vinatoka vingi, au ukilishika unahisi kama brashi, hiyo ndo. Zulia jipya litatoa manyoya mwanzoni hilo ni kawaida, lakini linapungua, lisipopungua una tatizo. Mi ningechukua mafundo 80 ya sufi nzuri kuliko 200 ya sufi iliyokufa, bila kufikiri mara mbili, na hii ndo sababu kubwa ya maksi zangu kuwa tofauti na bei za madukani.

Hariri sasa, maana hapo ndo uongo umejaa. Unaambiwa hariri ya mianzi, hariri ya ndizi, hariri ya mimea. Mara nyingi hiyo ni viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na massa ya mimea, au ni pamba iliyong'arishwa kwa dawa, na zulia la viskosi linapendeza dukani kuliko hariri yenyewe, linang'aa hatari, ila likimwagikiwa maji linakakamaa, linageuka manjano na ule mng'ao haurudi. Kipimo cha kiberiti kinasaidia lakini watu wanakifanya vibaya: wanachoma tamvua. Tamvua ni mtande, na mtande wa mazulia mengi ya sufi ni pamba, kwa hiyo litanukia karatasi hata kama manyoya ni ya sufi safi, na linaweza kuwa la hariri wakati manyoya ni viskosi. Chomoa uzi mdogo kwenye manyoya, kwa ruhusa ya mwenye mali tafadhali, uchomee pembeni mbali na zulia. Hariri na sufi zinanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapukutika mkononi. Pamba na viskosi zinanuka karatasi. Plastiki inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Basi, mjadala umekwisha.

Kwenye hariri, Qom za Iran nazipa 8/10. Kazi safi, michoro inasomeka, lakini nimepunguza kwa sababu siyo za kukanyagwa na viatu, na watu wanazinunua wanaziweka mlangoni. Hereke za Uturuki, zile za hariri ndogo zenye mafundo ya kutisha, orijino ni 9, ila orijino. Kuna zilizofumwa China zikaandikwa Hereke pembeni kwa mafundo kabisa, zimefungwa kwa mkono, hariri kweli, na jina la uongo. Kwa hiyo saini iliyofumwa ndani ya zulia isikulevye, mtu yeyote anayeweza kufunga mafundo 600 kwenye inchi anaweza kufunga na herufi sita.

Rangi. Watu wana imani kwamba rangi ya mimea ni nzuri na ya kiwandani ni mbaya. Historia yake inaeleweka: William Henry Perkin alipata rangi ya kwanza ya kutengenezwa mwaka 1856, zikasambaa, na za mwanzo zilikuwa hovyo, zinachuja na kupauka kwenye jua, mazulia mengi ya mwisho wa karne ya 19 yaliharibikiwa hapo. Lakini za kromu zilizokuja baadaye ni imara, na rangi ya mimea ikipikwa ovyo inachuja vilevile. Unachotakiwa kufanya ni kuchukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua pale penye nyekundu na bluu iliyokoza kwa muda, kitambaa kikirudi chekundu rudisha zulia. Alafu tanua manyoya uone shina na ncha. Shina likiwa na rangi kali, labda rangi ya chungwa inayopiga kelele, na ncha imefifia, aidha jua limelila au wamelichomea dawa makusudi. Na mgongo linganisha na uso. Kuna hadi wanaopaka rangi kwa brashi sehemu zilizochakaa ili zisionekane, utaigundua kitambaa kilekile cheupe kikipita hapo.

Ile michirizi ya rangi inayobadilika taratibu, abrash, ni nzuri, inatokea mfumaji akianza fungu jipya la uzi lililopikwa siku nyingine. Ila viwanda navyo vimeshajifunza kuiiga. Ya kweli haina mpangilio, inaanza popote na kukoma popote, pengine katikati ya ua. Ya kuiga inajirudia.

Kwa wanaopenda rangi za mimea za uhakika, mradi wa DOBAG wa Uturuki ulioanza 1981, Harald Böhmer akiwa nyuma ya utafiti wa rangi zenyewe, ulirudisha mapishi ya zamani kwa wanawake wa vijijini na ule ni mfano ambao umewafundisha wengi. 8.5/10 kwangu, na ningeweka tisa kama vipande vingekuwa rahisi kupatikana.

Uzee nao unatengenezwa. Pale Döşemealtı, Antalya, kiangazi wanatandaza mazulia maelfu mashambani ili jua liyalainishe rangi, picha zake ni nzuri kweli na hakuna wizi hapo, ni kazi ya kawaida na inafanyika mchana kweupe. Wizi unaanza pale zulia jipya lililopigwa jua na kuoshwa na chai au dawa linapouzwa kama la miaka 100. Zulia lililozeeka kihalali limechakaa palipokanyagwa, siyo kote sawa, na mgongo wake umelainika, mafundo yamebonyea na kung'aa kwa kusuguana na sakafu. Ukikuta uso umechakaa na mgongo mbichi, mwenye duka akusimulie hadithi nyingine.

Haya, na maksi zilizobaki kwa haraka.

Heriz, 9/10. Nimeshasema. Michoro mikubwa ya pembe, sufi yenye nguvu, haliogopi watoto. Kama una hela ya zulia moja tu kwa maisha, mi hapa ndo ningeanzia.

Tabriz siwezi kuipa namba moja, kuna za 4 na kuna za 9, mji mkubwa karakana nyingi, angalia kipande.

Baluchi za Afghanistan na mpakani mwa Iran, 7/10, ndogo, giza giza, nyekundu na buluu nyeusi, bei huwa ya kibinadamu, mtande mara nyingi ni sufi kwa hiyo zinaweza kupinda kidogo, zinasameheka. Zile zenye vifaru na helikopta zilizoanza kufumwa baada ya Wasovieti kuingia mwaka 1979 ni historia, lakini nyingi za sasa zinafumwa kwa ajili ya watalii tu na huo ulimwengu sina hamu nao.

Chobi, hizi za rangi za udongo na maua makubwa zilizokuzwa na Waafghani waliokimbilia Peshawar, sufi ya kusokota kwa mkono, 7.5/10. Zinakaa vizuri na fenicha za kisasa. Shida ni kwamba soko limezipenda mno na siku hizi kuna zilizonyolewa chini na kuoshwa sana, zinafika zimechoka kabla hujazikanyaga.

Bokhara za Pakistan, 5/10, na najua nitagombana na watu. Ni za mkono, sawa, na ni laini kama blanketi, na hapo ndo penyewe: ulaini ule mara nyingi ni sufi laini mno iliyooshwa na dawa, inalala haraka. Bukhara yenyewe ni mji wa Uzbekistan uliokuwa soko la mazulia ya Waturkmeni, hizi za Pakistan zimeazima michoro tu. Ukitaka gul zenyewe, ile michoro ya duara la pembe pembe inayojirudia kwenye zulia, tafuta kazi ya Waturkmeni, wale ambao wameweka gul tano za makabila yao kwenye bendera ya taifa, sijui nchi gani nyingine ina heshima ya namna hiyo kwa zulia.

Hali ya kipande wengi wanaipita haraka. Litandaze sakafuni, siyo juu ya rundo la mengine, uone kama linalala au linajikunja. Liinue juu ya mwanga, matundu na sehemu nyembamba zitajitangaza. Likunje taratibu kwa nyuma, ukisikia linakatika kwa sauti kama kuni kavu, mtande umeoza, hilo hata bure usichukue. Geuza utafute nondo, wale wadudu wanaokula sufi, wanapenda mahali penye giza chini ya kochi. Kushonwa siyo dhambi, lile la Ardabil lililoko London lilishonewa vipande vya pacha wake, pacha aliyebaki mdogo yuko Los Angeles. Dhambi ni kushonwa na kutokusemwa. Na hesabu mikanda ya michoro ya pembeni pande zote nne, likikosekana moja upande mmoja basi zulia lilikatwa.

Karatasi sasa. Cheti alichokuandikia muuzaji mwenyewe kina thamani ya wino wake. Thamani ikihitajika, tafuta mkadiriaji ambaye hauzi wala hanunui hilo zulia. Lebo yenye maana mi ninayoijua ni ya GoodWeave, zamani RugMark, ilianzishwa 1994 na Kailash Satyarthi aliyekuja kupata Nobeli ya amani 2014, inahusu watoto kutotumikishwa kwenye kufuma, na kila lebo ina namba inayofuatiliwa. Haikwambii zulia ni zuri, inakwambia limefumwa bila kutumikisha watoto, na hilo kwangu ni sharti la kuanzia mazungumzo.

Na majina ya miji kwenye lebo yasomwe kwa makini. Marekani walizuia mazulia ya Iran mwaka 1987, wakalegeza 2000, wakafunga tena 2010, wakafungua 2016, wakafunga 2018, na kila wakifunga wafumaji wa India na Pakistan wanajaza pengo kwa michoro ileile. Hamna ubaya, kuna Heriz za India ambazo ni nzito na nzuri na ningezipa 7 bila shida. Ubaya ni jina la mchoro kusomeka kama jina la mahali. Kwa hiyo usiulize "hili ni zulia gani", utajibiwa Heriz na hakuna uongo uliosemwa. Uliza limefumwa wapi.

Kuhusu kununua kama uwekezaji, mtu atakutajia lile zulia la Kirman la karne ya 17 lililouzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, mwaka 2013 kwa dola milioni 33.7. Hilo halikuwa chini ya meza ya chai ya mtu. La kwako likitoka dukani bei yake imeshashuka, lipende au liache.

Punguzo la "tunafunga duka" linaloendelea mwaka hadi mwaka mnalijua, sina haja ya kueleza. Muuzaji ninayempa nyota tano ni yule anayekuruhusu kulichukua ukalitandaza kwako siku chache, maana taa za dukani zinadanganya na zulia ukiliangalia kutoka upande wa pili rangi inabadilika kabisa, manyoya yanalala upande mmoja. Alafu kwenye risiti aandike vitu vinne: limefumwa wapi, manyoya ni ya nini, mtande ni wa nini, limefungwa mafundo kwa mkono. Waongo wengi wanaishia hapo kwenye kuandika, mdomoni walikuwa vizuri tu.